Labda mpo kwenye "Nyingine": nilivyojifunza kuhesabu wasikilizaji wa redio yetu Arusha

Jina la redio sitaji wala la mteja, mji wenyewe huu tunajuana, ukigombana na mtu Sakina asubuhi mpaka mchana Njiro wameshajua na chumvi wameongeza. Ila kisa nakileta kama kilivyo kwa sababu kuna vituo vidogo kibao huku kwetu naona vinaelekea palepale tulipoangukia sisi, na wakati tunaanguka mimi ndo nilikuwa mbele kabisa natembea kifua mbele.

Nilianza redioni kama mtangazaji wa usiku, baadaye nikahamishiwa masoko, maana kwenye redio ndogo ukionekana unaongea vizuri unaambiwa haya nenda kalete matangazo. Tulikuwa na mteja mmoja mkubwa, msambazaji wa mbegu na dawa za mimea, tangazo lake linaenda mara sita kwa siku, na kusema ukweli hela yake ndo ilikuwa inalipa watu watatu pamoja na umeme wa mtambo. Mkataba ulipoisha nikapendeza nikaenda kusaini mwingine, nimebeba na kalenda zetu za kugawa. Kaka wa masoko akanikaribisha vizuri, chai ikaja, alafu akanigeuzia laptop. Akasema, "Dada yangu, makao makuu wamenitumia hii ripoti ya wasikilizaji, wanataka kila redio tunayoilipa iwepo humu ndani. Nyie nimewatafuta sijawaona." Nikasogeza kiti. Redio kubwa za Dar zipo, za Mwanza zipo, hata za hapahapa Arusha zile zenye jina zipo. Chini kabisa kuna mstari umeandikwa "Nyingine". Akaniangalia kwa huruma akasema labda mpo humo.

Nikamjibu kwa jeuri, njoo studio uone meseji zinavyoingia, simu inapata moto! Akasema kwa upole kabisa, dada meseji sina pa kuziweka kwenye hii ripoti. Chai sikumaliza. Kalenda nikarudi nazo.

Sasa hapo kwenye meseji ndo kosa letu lilipozaliwa. Waliokua na Radio Tanzania wanakumbuka kadi za salamu, unanunua kadi, unajaza jina lako na majina ya unaowasalimu na ujumbe, unatuma, unakaa na redio wiki nzima kusubiri usomwe. Mtangazaji alikuwa anajua kipindi kimependwa kwa urefu wa ule mrundo wa kadi mezani. Zikaja meseji za kawaida, ikaja WhatsApp, kadi zikafa lakini akili ya kuangalia mrundo tukabaki nayo. Mimi kwenye vikao vya wateja nilikuwa nasema tunapata meseji zaidi ya elfu moja kwa wiki na nilikuwa nasema bila aibu maana ni kweli.

Baada ya ile siku nikachukua simu ya studio nikakaa nayo usiku tatu, nikaandika kwenye kaunta buku kila namba iliyotuma. Meseji za wiki moja zilikuwa 1,140. Namba zilikuwa 71. Sabini na moja aisee! Na ndani ya hizo kuna kama 20 ambazo peke yao zimetuma zaidi ya nusu. Wanasalamu wetu hawa, wana majina yao ya utani, wana vikundi, wanachangiana kwenye misiba na harusi, nawapenda kutoka moyoni kwa sababu bila wao studio usiku ni kaburi. Lakini jioni hiyohiyo nikizungusha redio nawasikia walewale kwenye vituo vingine vitatu wanasalimiana. Kama una kituo au una kipindi, usisubiri mtu wa laptop akuaibishe kama mimi, kaa chini uhesabu namba, achana na idadi ya meseji. Itakuuma lakini itakuuma ukiwa peke yako.

Nikaanza kusoma, usiku, kwa bando langu. Nilitaka kujua hawa watu wanahesabuje maana kichwani kwangu kuhesabu ni kuhesabu, kumbe kila njia inakuletea watu tofauti. Marekani kwa miaka mingi kampuni ya Arbitron ilikuwa inampa mtu kijitabu, anaandika mwenyewe siku saba amesikiliza redio gani kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Alafu wakaja na kakifaa kadogo kama pager, unakavaa kutwa nzima. Redio inaficha alama ndani ya sauti yake, sikio la mtu haliisikii ila kakifaa kanaisikia na kurekodi. Mwaka 2007 Philadelphia na Houston zikawa za kwanza kuacha kijitabu na kutumia kakifaa kwenye hesabu rasmi za kibiashara, na mambo yakageuka: mtu mmoja akaonekana anapitia redio nyingi kuliko alizokuwa anaandika, lakini kila moja anakaa nayo muda mfupi kuliko alivyokuwa anadai. Ni kwamba kwenye kijitabu mtu anaandika mazoea, "saa moja mpaka saa nne redio yangu ileile", wakati kakifaa kinajua saa mbili na dakika kumi ulishazima ukaondoka.

Na siyo kwamba wote walipiga makofi. Kuna vituo vya Wamarekani weusi na vya wanaozungumza Kihispania vililalamika kwamba watu wao hawajapewa hivyo vifaa vya kutosha, mpaka 2008 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akaipeleka kampuni mahakamani, wakamalizana mwanzoni mwa 2009. Nilivyosoma hapo nikajiegemeza kwenye kiti nikasema kumbe siyo sisi peke yetu tunaoishi kwenye "Nyingine".

Kilichonichekesha ni dakika. Kwa utaratibu wa hao Arbitron mtu alikuwa anahesabiwa kwenye robo saa kama amesikiliza angalau dakika tano. Arbitron ilinunuliwa na Nielsen 2013, na Nielsen kuanzia Januari 2025, kwenye ile miji ya vifaa, wakashusha ikawa dakika tatu. Namba za redio zikapanda. Hakuna mtangazaji aliyeboresha kipindi, hakuna msikilizaji mpya aliyezaliwa usiku ule, ni sheria tu imebadilika. Uingereza nako wale wapimaji wa wasikilizaji wanaoitwa RAJAR walikuwa wanatuma watu majumbani, corona ilivyokuja 2020 wakasimamisha, 2021 wakarudi kwa kuchanganya kijitabu na programu ya simu inayosikiliza sauti iliyoko karibu na mtu. Kwa hiyo mtu akikuletea namba ya redio, kabla hujacheka wala hujalia muulize nani kaulizwa, kaulizwaje, na dakika ngapi ndo inaitwa kusikiliza.

Huku kwetu vifaa vya kuvaa tuvitoe akilini. Mara nyingi mtu anapigiwa simu au anatumiwa meseji au anafuatwa nyumbani, anaulizwa jana umesikiliza redio gani. Sasa chukua kalamu tufanye hesabu pamoja, maana hii ndo ilinifumbua macho. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, mkoa wa Arusha 2,356,255, Kilimanjaro 1,861,934. Tuseme mtu anafanya utafiti wa watu 2,000 nchi nzima na anaugawa kulingana na idadi ya watu. Arusha inapata watu kama 76. Kilimanjaro kama 60. Watu 76 ndo waseme kwa niaba ya mji na Monduli na Karatu na Longido na Ngorongoro yote, na kwa watu 76 namba inaweza kupanda au kushuka mpaka kama asilimia 11 kwa bahati tu. Redio ya wilaya mbili hapo inapata mtu mmoja au wawili au hakuna kabisa. Huyo mtu mmoja akiwa ameenda msibani Rombo siku hiyo, umekufa.

Alafu kuna suala la jina. Wasikilizaji wetu wengi hawajui tunaitwaje! Wanasema "ile ya mzee wa asubuhi", wanamtaja mtangazaji, au wanakutajia namba ya masafa na wanaikosea. Ukimtumia meseji yenye orodha ya redio nane achague, sisi hatumo, anachagua anayoijua jina. Tulikuwa na watangazaji wanakaa dakika arobaini hewani hawajataja jina la kituo, wanajitaja wao. Hili lilikuwa la bure kulirekebisha na tulikuwa hatujawahi kulifikiria, siku hizi kuna karatasi imebandikwa mbele ya maiki, kila unapofungua mdomo anza na jina la redio.

Basi nikamwambia bosi tufanye utafiti wetu wenyewe. Mzee akakubali haraka sana na hapo ningeshtuka, alikuwa anadhani tunaenda kutafuta ushahidi, hakujua tunaenda kutafuta ukweli. Akatoa milioni moja. Mimi mwenyewe kwa kiherehere nikaongeza laki sita na nusu, hela ya VICOBA, ambayo mume wangu amekuja kuijua baadaye sana na hiyo ni stori nyingine.

Awamu ya kwanza niliiharibu kwa mikono yangu. Nilichukua machalii sita, elfu kumi na tano kwa siku kila mmoja, siku tatu, na nikawapa tisheti. Tisheti za redio yetu! Zenye nembo kifuani! Wakaingia stendi, soko la Kilombero, na Tengeru siku ya soko. Fomu zinarudi jioni nasoma natabasamu peke yangu, kila mtu anatusikiliza. Siku ya pili nikaenda mwenyewe Tengeru kuangalia, nikamkuta chalii anaongea na mama mmoja muuza ndizi, "Shikamoo mama, sisi tunatoka redio fulani, unatusikiliza?" Mama anacheka, "Marahaba mwanangu, nawasikiliza kila siku, Mungu awabariki." Nikasogea nikamuuliza, mama kipindi gani unakipenda? Akaniangalia, akanipa ndizi mbili. Mtanzania hawezi kukukatalia usoni umevaa tisheti na umemwamkia, atakwambia ndiyo ili uende salama. Usiulize mtu kama anakusikiliza. Muulize jana alisikiliza redio gani, ziba mdomo, andika anachosema, na asijue umetoka wapi.

Kosa la pili hili nikilisimulia mpaka leo watu wa ofisini wanaanguka chini. Fomu niliitengeneza kwa kompyuta, safu za muda nikaandika 6:00 mpaka 9:00, 9:00 mpaka 12:00, hivyohivyo kama kompyuta inavyotaka. Mimi nina maana saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Sasa chalii anamuuliza bibi umesikiliza saa ngapi, bibi anasema saa sita mpaka saa tisa baada ya kazi za shamba nikiwa nimepumzika, chalii anaangalia karatasi anaona 6:00 mpaka 9:00, anaweka tiki. Mwingine anajua saa za kizungu anaweka kwingine. Machalii watatu walijaza kwa saa zetu, wawili kwa saa za kizungu, na mmoja alikuwa anabadilisha kulingana na siku ilivyoamka. Kipindi chetu cha mchana kikaonekana kinapendwa kuliko cha asubuhi na hakuna aliyejua ni kweli au ni saa. Fomu 180 nikazitupa. Kama laki nne na nusu zikaenda, tisheti sijazihesabu. Andika "saa moja asubuhi" kwa maneno, andika na "alfajiri" na "mchana" na "jioni", tusijifanye wajanja na saa ya kompyuta.

Na tatu ni kwamba stendi na sokoni mchana unapata watu wa stendi na wa sokoni. Wa nyumbani hujawapata, wa shamba hujawapata, na pale stendi wengi ni wanaume wanasubiri abiria.

Awamu ya pili nilienda kwa mwalimu mmoja wa chuo ninayemfahamu, nikamwamkia, nikalia shida, akanipa wanafunzi wanane waliokuwa likizo na akanifundisha mambo mawili matatu bure. Tukachora maeneo kwanza, mjini kata kadhaa, alafu Tengeru, Usa River, Ngaramtoni, na upande wa Bomang'ombe kwa sababu tulikuwa tunajitangaza kwamba tunafika Kilimanjaro. Kila eneo unaanzia sehemu moja unaruka nyumba tano unaingia ya sita, mtu wa kuhojiwa siyo anayefungua mlango, ni yule mwenye siku ya kuzaliwa iliyo karibu. Tunaenda pia jioni. Elfu ishirini kwa siku, siku tano, fomu kumi kila mtu kila siku, fomu mia nne. Ukijumlisha nauli na kuchapisha na chakula, milioni moja na laki mbili. Fomu mia nne kwa ujumla zinakupa namba inayoyumba kama asilimia 5 juu au chini, lakini ukishaanza kuzigawa vipande, eneo moja lina watu 60, hapo inayumba asilimia 12 na zaidi, kwa hiyo usijisifie kata moja kwa fomu 60. Mwalimu alinirudia hili mara tatu na mimi nililivunja baadaye, nitasema.

Mbinu moja nzuri tuliyoiiba mahali: baada ya mtu kutaja redio mwenyewe, unamchezea kwenye simu sekunde chache za mlio wa kila redio bila kutaja jina. Hapo ndo nilimwona mzee mmoja Usa River ambaye alishasema hasikilizi kabisa hiyo redio yenu sijui nini, kusikia mlio akasimama, "Ahaa, hawa! Hawa ndo wananiamsha."

Matokeo. Kati ya watu 400, waliotusikiliza jana yake walikuwa 29.

Nilirudia kuhesabu. Kichwani nilikuwa na mia moja, mia na ishirini. Ishirini na tisa, na kumi na tisa kati yao wako Tengeru na Usa River, na karibu wote ni saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, kipindi cha kilimo na bei za masoko, anaongea mzee mmoja mstaafu tunayempa posho ya nauli tu. Kipindi chetu cha jioni chenye watangazaji wawili wa mishahara, kile chenye mabango mjini, watu wawili. Mjini kote watatu. Upande wa Bomang'ombe hakuna hata mmoja, kapa.

Hiyo ya Bomang'ombe nikakataa kuamini nikamchukua fundi mitambo tukapanda gari na redio imewashwa. Tengeru safi, Usa River safi, Maji ya Chai safi, Kikatiti inaanza kukwaruza, ukikaribia njia panda ya KIA inakuja inaenda, Boma kuna kituo kingine kimekaa jirani na masafa yetu kinatumeza kabisa. FM inataka njia iliyo wazi kati ya mnara na antena yako, miinuko ya Meru haina huruma, na mtambo wetu ni mdogo. Fundi akaniambia dada hili mimi nalijua miaka yote, hakuna aliyeniuliza. Kalenda zetu zilikuwa zimeandikwa Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Kwa hiyo kabla hujalipa watu wa fomu, lipa mafuta ya gari, zunguka na redio ya kawaida na kitochi chenye FM siyo redio nzuri ya bosi, ujue unaishia wapi.

Bosi alivyoona karatasi akanyamaza muda mrefu, alafu akasema, "Dada, hii ikitoka humu ndani umetufunga." Siku mbili hatukusalimiana vizuri. Siku ya tatu akaja na wazo, tuandike kwamba sisi ni namba moja alfajiri Arumeru, wilaya yenye Tengeru na Usa River. Na mimi nikaandika. Nakiri. Nikachapisha karatasi nzuri ya rangi, namba moja alfajiri Arumeru, nikaipeleka kwa mnunuzi wa matangazo mmoja, dada mdogo tu kwa umri, akaisoma akaniuliza, hapo Arumeru mlihoji watu wangapi dada? Nikasema... mia na kitu. Na wanaosikiliza alfajiri? Kumi na tisa. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima, na hiyo heshima ilinichoma kuliko angenifukuza. Huyo hatujawahi kumpata mpaka leo.

Kwa yule wa mbegu nikarudi tofauti. Sikubeba karatasi ya rangi. Nilimwambia kaka, ukweli ni huu, mjini hatupo, Kilimanjaro hatufiki, ila kuna wakulima wa ukanda huu wanaamka na sisi, nipe wiki sita kabla ya masika, tangazo liende alfajiri tu, kwa bei ndogo, na mtu akifika duka la pembejeo akisema neno fulani tutakalolisema hewani anapewa kikombe cha kupimia dawa. Duka moja Tengeru, moja Usa River, na moja mjini la kulinganishia. Wauzaji waweke tiki kwenye daftari.

Hata hapo kuna mavumbi. Wiki ya kwanza muuzaji mmoja alisahau daftari, mwingine nikaona tiki za wiki nzima zimepigwa kwa kalamu moja mwandiko mmoja zimenyooka kama mistari ya mahindi, nikajua huyu kazipiga jioni moja. Ikabidi niwe napita mwenyewe kila Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, nahesabu vikombe vilivyobaki badala ya tiki, maana kikombe hakidanganyi sana. Mwisho vikombe 143 vilitoka kwenye yale maduka mawili, duka la mjini vinne. Mteja akarudi, mkataba theluthi moja ya ule wa zamani. Theluthi. Sijui kama niite ushindi, lakini mzee wa kilimo sasa analipwa mshahara, na tangazo linasikika na watu linaowahusu.

Wale wawili wa jioni walipunguzwa. Mmoja yuko Instagram anatangaza maduka ya nguo na anapata kuliko alivyokuwa anapata kwetu, mwingine bado hajapata kitu na tukikutana Mianzini anageukia upande wa pili. Hili limekaa kwangu vibaya kwa sababu kipindi kile hakikuwa kibaya, kilikuwa tu kwenye mtambo usiofika wasikilizaji wake, na hiyo siyo kosa lao.

Kuna watu wananiambia hamia mtandaoni, huko kila kitu kinahesabika. Tumehamia, tuna matangazo ya moja kwa moja kwenye intaneti, na ile namba ya wanaosikiliza muda huu mara nyingi ni tisa, na watatu kati yao ni sisi wenyewe tunaangalia kama inafanya kazi. Mwezi ukiisha inasema wamepita mia nane, bosi anaichukua hiyo mia nane anafurahi. Facebook nao kwa miaka mingi walikuwa wanahesabu mtu ameangalia video akifikisha sekunde tatu. Redio ya Nielsen dakika tatu, video sekunde tatu, kwetu kwenye daladala mtu anasikiliza saa nzima kutoka Usa River mpaka mjini kwa sababu dereva kaamua, ukimuuliza kesho anakwambia sikusikiliza redio. Huyo anahesabiwa wapi? Kwa kakifaa yumo, kwa kumbukumbu hayumo, na tangazo la mbegu amelisikia mara mbili. Kinyozi vilevile, na mama ntilie.

Sasa tunafanya fomu 100 kila baada ya miezi minne, maeneo yaleyale, maswali yaleyale, maneno hayabadiliki hata moja. Ni chache na mwalimu kanionya tusiangalie namba yenyewe, tuangalie kama inaelekea juu au chini kwa muda mrefu. Laki mbili na nusu kila awamu. Bosi analalamika kila mara na kila mara anatoa.

Mwezi uliopita niko Kilombero nachagua nyanya, simu ikalia meseji, utafiti wa vyombo vya habari, jibu maswali machache upate vocha. Moyo ukanidunda jamani, miaka yote hii nimesubiri mtu aniulize! Nikaweka kapu chini. Swali la kwanza: je, wewe au mtu yeyote wa nyumbani kwako anafanya kazi kwenye redio, televisheni au gazeti? Nikakaa nalo kidogo, muuza nyanya ananiangalia. Nikajibu ndiyo. Ikarudi palepale, asante kwa muda wako.

Na vocha sikupata.